Gundi au Uzi: Kuhusu Beji za Sare za Skauti
Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Tanga

Katika vyama vya mafundi cherehani vya pwani yetu, kutoka Mkinga hadi Pangani, imezuka hoja ambayo huenda msomaji akaiona ndogo mno kuandikiwa makala. Je, beji za sare za skauti zishonwe kwa uzi, au zibandikwe kwa gundi? Hoja hiyo imekwisha kuleta mvutano baina ya chama na shule, na hata baina ya wanachama wenyewe kwa wenyewe, kwani wapo mafundi washikiliao kwamba gundi ni maendeleo, na wapo wasemao kuwa ni ulaghai mtupu. Kwa hiyo yafaa, ndugu makatibu na wanachama, tuitazame kwa utulivu, tukianza na kitambaa chenyewe na maji yanayokifua, ndipo tuje kwenye hesabu.

Uskauti ulianzishwa na Baden-Powell mwaka 1907 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na Chama cha Skauti cha nchi yetu kiliingia katika shirika la skauti la dunia mwaka 1963. Katika mkoa huu hakuna asiyewajua vijana hao. Ndio wanaomvisha skafu mgeni wa heshima, na Mwenge wa Uhuru ukipita wilayani huwakuta wamejipanga. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo letu. Shule hukumbuka sare siku chache kabla ya Mwenge au kabla ya tarehe 22 Februari, siku ya kuzaliwa kwa Baden-Powell, na oda ya mashati hamsini au sitini hutua mezani kwa katibu ikitakiwa ndani ya wiki moja. Shati moja laweza kuwa na beji tatu au zaidi: nembo ya dunia, ambayo ni ua jeupe lenye ncha tatu lililozungukwa na kamba juu ya rangi ya zambarau, kisha alama ya kundi, kisha alama ya daraja. Nyingi ni za mviringo, na kila fundi anajua kwamba duara ndilo linaloula muda wa cherehani. Basi chupa ya gundi inapotokea, huonekana kama mkombozi.

Gundi hufanya kazi kwa kupenya katikati ya nyuzi ingali majimaji, kisha kukauka na kuzishika. Lakini nyuzi za pamba hunywa maji. Hufura zikilowa na hunywea zikikauka. Beji iliyotariziwa ni nene, ina ukingo uliofungwa kwa uzi mwingi, na mara nyingi haikutengenezwa kwa pamba. Haifuri wala kunywea kwa kipimo kimoja na shati. Kila shati lifuliwapo, vitu hivyo viwili huvutana, na gundi iliyo katikati hupasuka kidogo kidogo mpaka ukingo ukainuka. Ukingo ukishainuka, mtoto huuchokoa kwa ukucha, na kazi imekwisha. Uzi hauna taabu hiyo kwa sababu hulegea na kukaza pamoja na kitambaa.

Tena tusisahau nguo zetu zinavyofuliwa. Hapa hazifuliwi kwa mashine katika maji vuguvugu. Hufikichwa kwa mikono kwa sabuni ya mche, na sehemu nyingi za pwani maji ya kisima yana chumvi. Kisha huanikwa juani mchana kutwa, na jioni hupigwa pasi ya mkaa. Gundi iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi haikufikiria pasi ya mkaa.

Aina za gundi nilizozikuta katika vyama ni nne, na hazilingani. Gundi nyeupe ya mbao na karatasi hulainika ikilowa, hivyo haifai kabisa kwa nguo ya kufuliwa. Gundi kali ya matone, iitwayo na wengi supagluu, hushika mara moja lakini hukauka ikawa ngumu kama kigae, ikamkwaruza mtoto kifuani na kuvunjika nguo ikikunjwa. Aidha, gundi hiyo ikigusa pamba hutoa joto la ghafla liwezalo kuunguza vidole na hata kutoa moshi. Fundi asiifute kwa kitambaa cha pamba.

Gundi ya viatu, ile ya manjano inayopakwa pande zote mbili na kuachwa ikauke kidogo kabla ya kugandamizwa, ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ni kweli hushika vizuri kwenye ngozi na mpira, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Kwenye shati hupenya hadi upande wa pili, na baada ya muda hugeuka hudhurungi, ikaacha doa lisilotoka kwa sabuni yoyote. Nimeona mifuko ya mashati iliyogandana na shati lenyewe, mtoto hawezi kuingiza hata kalamu. Zaidi ya hayo, mvuke wake hushika moto upesi na hudhuru mapafu na kichwa. Chumba cha mafundi chenye pasi ya mkaa iliyowaka upande mmoja na kopo la gundi lililo wazi upande wa pili ni hatari ambayo kamati ya chama haina udhuru wa kuiruhusu.

Aina ya nne ni beji zinazokuja na gundi kavu mgongoni, zinazotakiwa kubandikwa kwa pasi. Hizi zimetengenezwa kwa nia njema. Lakini gundi yake huyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi, na pasi ya mkaa haina kipimo: ikipungua, beji haishiki, ikizidi, kitambaa cha tetroni hung'aa au kuungua. Na joto lililoibandika leo ndilo litakaloilegeza mama wa mtoto atakapopiga pasi Jumapili.

Sasa hesabu. Tuchukue mfano wa oda ya mashati 60 yenye beji 3 kila moja, yaani beji 180. Tuseme kubandika beji moja kwa gundi huchukua dakika 2. Jumla ni dakika 360, sawa na saa 6. Tuseme kuishona huchukua dakika 5. Jumla ni dakika 900, sawa na saa 15. Gundi imeokoa saa 9, na mwanachama aliyesimama mkutanoni kuitetea atapigiwa makofi. Lakini tuseme beji moja katika kila sita ikabanduka na kurudishwa, yaani beji 30. Kubandua mabaki, kusafisha doa na kushona upya si kazi ya chini ya dakika 20 kwa kila moja. Hizo ni dakika 600, sawa na saa 10. Faida imekwisha kuliwa na saa moja juu yake, na hapo sijataja mashati yaliyoharibika kabisa. Katika chama kimoja cha wilayani, saa hizo za marekebisho hazikuandikwa popote. Daftari lilionyesha oda ile kuwa yenye faida, na wanachama wakashangaa mbona mgao haukuonekana.

Lipo pia jambo la mzazi. Huyu ndiye mkulima wa nazi, korosho au machungwa aliyeuza mazao yake, pengine kupitia chama cha ushirika kama chetu, ili amnunulie mwanawe shati moja. Skauti akipanda daraja, alama ya zamani hutolewa na mpya huwekwa. Na akimaliza shule, shati huenda kwa mdogo wake. Beji iliyoshonwa hutolewa kwa wembe katika dakika chache bila kuacha alama. Iliyobandikwa huacha doa, na mzazi hulazimika kununua shati jingine kabla ya lile kuchakaa.

Hata hivyo sisemi gundi ifukuzwe. Ina kazi moja ambayo huifanya vizuri kuliko pini, nayo ni kuishikilia beji mahali pake wakati wa kushona, isizunguke wala kukunjamana. Kwa kazi hiyo gundi bora tunayo majumbani: kanji ya muhogo, yaani wanga wa kupigia nguo. Ipikwe iwe uji mzito, ipoe, ipakwe matone machache katikati ya mgongo wa beji, igandamizwe na kuachwa ikauke. Cherehani itapita bila sindano kunata, na ufuaji wa kwanza utaiondoa yote. Ipikwe ya kutosha siku moja tu, kwa maana huchacha, na sare zilizopakwa zisilazwe ghalani kwa muda mrefu, kwa kuwa mende na kuvu huipenda mno.

Katika kushona, uzi uwe wa rangi ya ukingo wa beji, na mshono upite ndani kidogo ya ukingo ule mnene, ambako hauonekani. Kwenye duara fundi ashone hatua tatu au nne, aache sindano ikiwa chini, ainue mguu wa cherehani, ageuze kitambaa, aendelee. Ni kazi ya subira, lakini anayejifunza huizoea baada ya beji kumi. Beji ya mfukoni ishonwe kabla mfuko haujaunganishwa na shati. Fundi asiyezingatia hilo atalazimika kushona kwa mkono au kuufunga mfuko. Mikanda ya ngozi ndiyo pekee ambayo ningeiachia gundi ya viatu, nayo ifanyiwe nje, mbali na moto.

Kwa upande wa makatibu, fomu ya oda ionyeshe aina ya kitambaa, idadi ya beji kwa kila shati na mahali pa kila moja, na bei ya kushona beji iandikwe peke yake, isifichwe ndani ya bei ya shati. Shule ikiona bei hiyo, itaelewa kwa nini oda yapasa kuletwa mapema. Chama kisitengeneze nembo ya skauti kwa kuiga, kwa kuwa ina wenyewe na inalindwa na sheria. Beji ziletwe na kundi, zihesabiwe mbele ya aliyezileta na kuingizwa katika leja ya ghala. Kazi ikiisha, zilizosalia zirudishwe pamoja na sare, na mkuu wa kundi atie saini kwamba amezipokea.