Kisiwa kinachokula giza lake

Ndugu wachimbaji, ninyi wa ekipe ya usiku munajua giza. Lakini kuko kisiwa ambako giza linaleta feza: La Palma, kisiwa cha volkano cha Hispania, katika bahari ya Atlantiki.

Magaribi, muongozi anapandisha wageni mlimani. Banakula kwanza chakula cha pale: viazi vidogo vilivyopikwa na maganda katika maji ya chumvi nyingi, mchuzi wa mojo, jibini ya mbuzi. Kisha taa zinazimwa, banaangalia nyota kwa darubini.

Giza hilo linalindwa. Tangu 1988 kuko sheria inayopunguza mwanga wa nje. Taa za barabara zinainamia chini. Ni sababu ya darubini kubwa za wataalamu zilizo juu, kwenye Roque de los Muchachos. Moja ina kioo cha mita 10,4.

Mwaka 2021 volkano ililipuka siku 85. Lava ilimeza nyumba zaidi ya elfu moja na mashamba ya ndizi. Mbingu ikabaki.

Sisi, kobalti ikitoka, hairudi. Kule mgeni anaenda, nyota inabaki, na mwenye viazi amelipwa. Ni sheria njo ilifanya vile, si huruma. Na sisi tuko nayo: Kodi ya mine ya 2018 inadai angalau asilimia 0,3 ya mauzo ya kampuni iende kwa vijiji vya jirani. Muulize delege wenu: kwetu ilijenga nini?