Hatua Ngapi Kutoka kwa Mama wa Samaki

"Papa, juu ya nini ulikata samaki yangu?"

Mama muuza samaki aliniuliza hivyo huku akiigeuzageuza foto niliyomletea sokoni, kana kwamba kichwa cha kapiteni, samaki wake, kimejificha nyuma ya karatasi. Nilikuwa nimempiga mama huyo kwa lenzi ya milimita 50, tundu likiwa wazi kabisa. Uso ulitoka kama nilivyotaka: jicho linang'aa, mikunjo ya kitambala inahesabika, soko lote nyuma yake limeyeyuka likawa ukungu wa rangi. Nilijisifu njia nzima. Yeye aliona kitu kimoja tu: samaki wake aliyepanda kutoka Kasenyi usiku amekatwa na ukingo wa picha.

Kosa lilikuwa langu. Siku ile nilijaribu kurudi nyuma ili samaki aingie, kisigino kikatua katikati ya fungu la nyanya la jirani yake. Nyanya nililipa, nikaridhika na uso, nikaondoka. Lenzi ilikuwa nzuri, ila ilikuwa ndefu kuliko kile kijia cha sokoni.

Vijana wengi wa Bunia wanaoanza kazi ya foto hupitia studio yangu kuuliza lenzi gani ya pili wanunue, maana ya kwanza, ile ya 18-55 inayovuta, ilikuja ndani ya boksi la kamera. Wamesikia habari za lenzi isiyovuta, yenye urefu mmoja tu, wa 24, 35, 50 au 85. Ukitaka mtu ajae kwenye picha unamsogelea, ukitaka apungue unarudi nyuma. Zamani nilikuwa nawajibu bila kufikiri: chukua 50. Siku hizi nauliza kwanza wanasimama wapi wanapopiga.

Lakini kwa nini mtu aache lenzi inayovuta, akanunue isiyovuta? Sababu kubwa ni mwanga. Namba ya f ni urefu wa lenzi ukigawanywa kwa upana wa tundu unaloliona ukichungulia kwa mbele. Milimita 50 gawa kwa 1.8 unapata tundu la milimita 28 hivi, karibu upana wa kifuniko cha chupa ya bia. Ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho inafika f/5.6, tundu la milimita 10 tu, upana wa ukucha wa kidole kidogo. Mwanga unaoifikia kila sehemu ya sensa kupitia kifuniko cha bia ni karibu mara kumi ya ule unaopitia kwenye ukucha. Jioni, umeme umekatika na muuza brosheti ana balbu moja ya sola juu ya mkaa wake, hizo mara kumi ndizo zinazoamua kama utarudi nyumbani na uso wa mtu au na kivuli kilichotikisika.

Tuje kwenye namba zinazowachanganya wengi. Kamera nyingi mjini hapa zina sensa ndogo, si ile ya milimita 36 kwa 24 iliyorithi ukubwa wa filamu ya zamani. Sensa ndogo huchukua sehemu ya kati tu ya kile lenzi inachokiona, kwa hiyo kila lenzi inakuwa kama imerefushwa: mara 1.6 kwenye Canon, mara 1.5 kwenye Nikon na Sony. Lenzi ya 50 kwenye Canon ndogo inaona kama 80. Ile 50 ambayo mpiga picha Henri Cartier-Bresson alitembea nayo mitaani karibu maisha yake yote ya kupiga picha ilikuwa kwenye Leica ya filamu. Ukimwiga kwa kununua 50 ya sensa ndogo, hujanunua macho yake. Anayetaka kuona kama yeye kwenye sensa ndogo anahitaji 35.

Namba hizo zigeuze kuwa hatua. Shika kamera ya sensa ndogo kwa wima, mbele yako kuna mtu amesimama. Kwa lenzi ya 50, ukiwa mita mbili kutoka kwake unapata sentimita 90 hivi, yaani kichwa hadi kiuno. Ukimtaka mzima, na nafasi kidogo juu na chini, rudi hadi mita nne na nusu. Kwa lenzi ya 24, mita mbili zinatosha kumpata mzima. Chumba changu cha studio kina mita tatu kwa tatu na nusu, na ukuta wa nyuma umekula nusu mita ya pazia. Familia ya watu sita iliyotoka kwenye komunyo ya kwanza haiingii humo kwa 50 hata nikijibana mlangoni. Nimewahi kupiga nikiwa nje, barabarani, mlango ukiwa wazi, na motari akanipigia honi.

Upande wa pili wa hesabu ni pua. Watu husema lenzi fupi inaharibu sura. Inayoharibu ni kusimama karibu mno. Kutoka ncha ya pua hadi sikio ni kama sentimita 12. Ukiwa sentimita 60 kutoka kwenye pua ya mtu, sikio lake liko sentimita 72, kwa hiyo pua inachorwa kubwa kwa asilimia 20 ikilinganishwa na sikio. Rudi hadi mita mbili, tofauti inashuka hadi asilimia 6, na mtu anajitambua. Simu ina lenzi ya kuona pana, ukitaka uso ujae lazima uibandike karibu, ndiyo maana selfi nyingi zina pua za kushangaza. Kwa uso peke yake, mita moja na nusu hadi mbili ni umbali wa heshima, na hapo lenzi ya 50 kwenye sensa ndogo iko nyumbani kwake. Hilo silikatai.

Ninachokikataa ni ule ukungu. Mteja anaingia, hajaketi, anasema: "Unitiliye ukungu ku nyuma." Kwa f/1.8, ukiwa mita moja na nusu na lenzi ya 50, eneo lililo kali ni sentimita 6 tu. Jicho moja kali, sikio tayari limefifia, na akitikisa kichwa kidogo hata jicho limekwenda. Mimi hubana hadi f/2.8, napata karibu sentimita 10, na makosa yanapungua. Halafu kuna ninachokiona kwenye albamu za harusi za miaka hii: bibi harusi mbele ya ukungu wa kijani, mwingine mbele ya ukungu wa kahawia. Hujui ni Mudzipela hapa Bunia au ni Kisangani. Jean Depara, aliyepiga usiku wa Kinshasa miaka ya 1950 na 1960, alianza na Adox ndogo aliyoinunua kwa ajili ya harusi yake mwenyewe. Katika picha zake meza zipo, chupa zipo, gari lililoegemewa lipo, na leo watu huziangalia kwa sababu ya vitu hivyo kama kwa sababu ya nyuso. Wajukuu wa bibi harusi wangu watauliza duka lile lilikuwa wapi, na mimi nimeshalifuta.

Hata ukiung'ang'ania ukungu, jua la Bunia halikuruhusu. Tuko digrii moja na nusu tu kaskazini ya ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na kwa f/1.8 kwenye ISO 100 kamera inadai kasi ya 1/8000 ya sekunde, wakati zile ndogo zetu nyingi zinaishia 1/4000. Picha inaungua, uso unabaki na mashimo meusi ya macho. Mpeleke mtu kivulini, kwenye baraza la duka ambako mwanga unaruka kutoka barabarani na kumwingia usoni kwa chini.

Tukitoka kwenda mtaani kwenyewe hesabu inabadilika tena, kwa sababu huku lenzi ni neno. Tarehe 6 Mei 2021 Ituri iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na hata kabla ya hapo watu walikuwa wameona mengi. Waliokuwa watu wazima mwaka 2003, wakati wanajeshi wa kigeni wa Operesheni Artemis walipokuwa mjini, wanakumbuka pia wageni wenye kamera. Ukisimama ng'ambo ya Bulvari ya Libération na lenzi ndefu kama mkono, ukimvuta mtu asiyejua, humpigi picha, unampeleleza, na atakayekuuliza hatakuwa na muda wa kusikia habari za sanaa. Askari, kambi, uwanja wa ndege, waache wote. Aliye mita mbili na lenzi ndogo ameshasalimia, ameshaulizwa ni mtoto wa nani, ameshakataliwa au kukubaliwa. Na akikataliwa anashusha kamera, hasa kwa watu waliokimbia vijiji vyao. Mama wa kambi ya Kigonze ana sababu zake za kutotaka uso wake uzunguke kwenye WhatsApp.

Kwa hiyo lenzi ninayoishauri sasa ni fupi kuliko ile ya zamani. Mwenye Canon ndogo anayependa mtaa atafute ile 24 f/2.8 ya mwaka 2014: ina gramu 125, nyembamba kama andazi, na inaona kama 38. Haina mwanga wa f/1.8, hilo litakuuma jioni. Mwenye Nikon atafute 35 f/1.8 ya sensa ndogo iliyotoka mwaka 2009, na kama nyumba nzima ina hela ya lenzi moja tu, basi urefu huo wa 35 ndio ningeuchagua kwa kamera yoyote ya sensa ndogo: mtaa unaingia, uso nao haulalamiki ukiupiga hadi kifuani. 50 inunuliwe na mwenye studio ndefu au mwenye wateja wa nyuso.

Kabla ya kutoa dola hata moja, chukua 18-55 yako, iweke kwenye 35, uifunge kwa skochi isisogee, utembee nayo wiki nzima. Wiki inayofuata, 24. Miguu yako itakuambia.

Lenzi nyingi zinatufikia mtumba, zikipitia Kampala. Washa tochi ya simu uimulike kwa nyuma: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, irudishe. Mwenye Nikon awe macho zaidi. Kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ya kulenga ndani yake, kwa hiyo 50 f/1.8 ya zamani yenye herufi D itaingia vizuri, itapiga, lakini utalenga kwa mkono siku zote. Kijana mmoja alinunua hiyo huko ng'ambo, muuzaji hakumwambia, akaja kwangu akidhani imekufa. Mwenye kununua atafute iliyoandikwa AF-S. Na ukishaifunga lenzi, usiifungue barabarani wakati wa kiangazi. Vumbi letu jekundu likikaa kwenye sensa utaliona kwenye kila anga utakayopiga.

Kwa yule mama nilirudi na 24, nikachuchumaa mita moja kutoka kwenye sinia lake. Safari hii samaki wote walikuwemo, pamoja na jirani na nyanya zake. Aliishika foto, akahesabu samaki kwa kidole, akafika kwenye mkono wake mwenyewe uliokuwa umenyooka kuelekea kwangu ukimshika kapiteni kwa shavu.

"Na mukono yangu," akasema, "juu ya nini sasa imekuwa mukubwa hivi?"