Chati za Idadi ya Watu: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kuzijadili

Yeyote atakayechukua idadi ya watu wa Mkoa wa Shinyanga katika Sensa ya mwaka 2002, takribani milioni 2.8, na ile ya mwaka 2012, ambayo ni 1,534,808, kisha akaziingiza katika jedwali la kompyuta na kuchora chati, atapata pau mbili zinazoonesha mkoa uliopoteza zaidi ya watu milioni moja. Kompyuta haijakosea hesabu. Haijui tu kwamba Machi 2012 ilianzishwa mikoa ya Simiyu na Geita, na kwamba Bariadi, Maswa, Meatu na Bukombe zilitoka Shinyanga pamoja na watu wake.

Jambo hilo lawahusu pia wakazi wa kata, kwa kuwa kata nazo hugawanywa. Kata iliyomegwa huonekana kwenye chati kana kwamba watu wake wameihama, na mjumbe anayepinga ujenzi wa madarasa hupata hoja isiyo ya kweli. Dawa yake ni kujumlisha takwimu za zamani kwa kufuata mipaka ya sasa, kijiji kwa kijiji, kabla ya kuchora chochote.

Kosa la pili liko kwenye mhimili wa wima. Sensa ya Agosti 2022 iliukuta Mkoa wa Shinyanga ukiwa na watu 2,241,299, yaani ongezeko la asilimia 46 tangu mwaka 2012. Mhimili ukianzia sifuri, pau ya 2022 huizidi ya 2012 kwa karibu nusu, kama inavyostahili. Ukianzia milioni 1.4, pau hiyo hiyo hurefuka zaidi ya mara sita ya mwenzake. Namba ni zile zile, lakini macho yamedanganywa.

Chati ya mstari nayo ina mtego wake. Sensa za Tanzania zilifanyika mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kati ya 1988 na 2002 ilipita miaka 14, ilhali programu, isipoelekezwa, huipanga miaka yote kwa nafasi sawa. Matokeo yake, ongezeko kutoka watu milioni 23.1 hadi 34.4 huonekana kali kuliko lile la kutoka 34.4 hadi 44.9 mwaka 2012. Kwa kweli, kipindi cha kwanza kiliongeza watu wapatao laki 8 kwa mwaka, na cha pili zaidi ya milioni moja. Aina ya chati inayoweka nukta kwa kufuata thamani ya mwaka huondoa kasoro hiyo.

Chati ya duara haifai kwa wilaya kama Kishapu yenye kata zaidi ya 20. Vipande huwa vyembamba mno, na hakuna awezaye kutofautisha Maganzo na Songwa kwa rangi pekee.

Chati yenye manufaa makubwa zaidi kwa kikao cha kata ni piramidi ya umri, kwa sababu jumla ya watu peke yake haisemi kama kinachohitajika ni dawati au kitanda cha wazazi. Makundi ya umri huandikwa katika safu ya kwanza, 0–4, 5–9 na kuendelea. Wanaume katika ya pili, wanawake katika ya tatu. Namba za wanaume huwekewa alama ya kutoa ili pau zake zielekee kushoto, kisha mpangilio wa namba hubadilishwa ili alama hiyo isionekane. Huchaguliwa pau za mlalo, na nafasi kati yake hupunguzwa. Kitako kikiwa kipana, watoto hao wa chini ya miaka mitano ndio watakaogonga mlango wa darasa la kwanza muda si mrefu.

Chini ya kila chati pawekwe mwaka wa sensa, chanzo cha takwimu na mipaka iliyotumika. Pasipoandikwa hayo, mkazi ana haki ya kumwomba Mtendaji wa Kata amwoneshe jedwali lililotumika kuichora.