Kilumi, Ngoma ya Mvua, Yapanda Jukwaani

Wasomaji wetu waishio Kitui na Makueni wamekwisha kuona jinsi sherehe za utamaduni zilivyoongezeka katika nchi ya Ukambani tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti shughuli za utamaduni pamoja na makumbusho na maktaba, na tangu hapo siku ya sherehe imekuwa siku kubwa katika mji wa Kitui, na vivyo hivyo katika Wote, makao makuu ya Makueni. Wanawake huleta vyondo vya katani na vya nyuzi za mbuyu. Wachongaji hupanga vinyago vyao chini ya kivuli. Muthokoi hupakuliwa katika sufuria kubwa, na mabwana ambao hawakuuonja tangu walipokwenda kufanya kazi za ofisi Nairobi hurudia sahani ya pili bila haya.

Wanaoshangiliwa kwa makelele zaidi ni vijana wa mbeni. Ngoma hiyo ina firimbi, na miruko ambayo mtu mzima akiitazama huhisi maumivu ya mgongo kwa niaba yao. Jina lake lakaribiana sana na beni, ile ngoma ya pwani iliyoiga bendi za askari, na si ajabu, kwa maana Wakamba wengi walikuwa askari katika jeshi la King's African Rifles. Basi hata mbeni, ambayo leo twaiita ya asili, yaonekana ina damu ya ugenini ndani yake. Jambo hilo halitupunguzii kitu.

Baada ya vijana huja kina mama wazee, nao uwanja hunyamaza. Hiyo ndiyo kilumi, nayo ndiyo twataka kuieleza kwa kirefu.

Kilumi ni ngoma ya wanawake, na hasa wa umri mkubwa. Ngoma zake ni ndefu, za gogo lililochimbwa ndani, na wapigaji wenyewe ni wanawake. Zamani haikuchezwa kwa kufurahisha wageni. Ilichezwa mvua ilipokawia, au mtu alipopatwa na ugonjwa uliosemekana umeletwa na aimu, yaani roho za waliokufa. Wazee walipeleka nafaka, maziwa na pombe kwenye ithembo, mahali pa sadaka, ambapo mara nyingi palikuwa chini ya mti mkubwa wa mumo, na wanawake wakacheza. Mwanamke aliyepandwa na roho alisema yale ambayo roho hiyo ilitaka, nao watu wakamsikiliza hata kama siku nyingine hakuna aliyemwuliza shauri. Hakuna aliyetazama saa. Ngoma iliendelea mpaka jambo lenyewe limekwisha, pengine usiku kucha.

Sasa mfikirie mama yule yule akiwa jukwaani, mwelezaji ameshika kipaza sauti, na kikundi kinachofuata kimekwisha kujipanga pembeni. Amepewa dakika chache. Desturi hii ya kuhesabu dakika na kutoa alama tumeizoea kutokana na mashindano ya muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, nayo yamefanya kazi njema sana ya kuwafundisha watoto wa shule ngoma za makabila yote. Lakini kilumi huanza polepole, na nguvu yake huja baadaye. Ukiikata katika dakika ya saba umewaonyesha watu mlango wa nyumba tu. Kijana aliyeiona hivyo hurudi nyumbani akidhani kwamba kilumi ni ngoma ya wazee wasioweza tena kuruka.

Liko jambo jingine, nalo lagusa nyumba nyingi. Misheni ya Africa Inland ilijenga kituo chake cha kwanza Nzaui, ambako leo ni Makueni, mwaka 1895, na tangu siku zile Mkristo alitazamiwa kuziacha ngoma pamoja na pombe. Wako watu waaminifu ambao mpaka leo huondoka uwanjani kilumi inapoanza, nao wana haki yao, kwa kuwa wanajua kwamba ngoma hiyo ilikuwa sala kwa roho ambazo wao wamezikana. Wengine hujibu kwamba ikichezwa kwenye sherehe ni ukumbusho tu, haina roho ndani yake. Kwa maoni yetu jibu hilo ni jepesi mno. Kina mama wale wakiambiwa kwamba wanachokicheza hakina maana tena, je, tumewaheshimu? Heri yule anayeondoka kwa sababu ameielewa ngoma, kuliko yule anayepiga makofi naye hajui imetoka wapi.

Hotuba za siku hizo hupenda sana habari za zamani zaidi: jinsi watu walivyotoka milima ya Mbooni, wakavuka mto wa Athi na kuingia Kitui, na jinsi Kivoi, mfanya biashara mkuu wa Kitui ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu pwani, alivyompokea Dk. Krapf, naye tarehe 3 Desemba 1849 akauona mlima wenye theluji ambao Wakamba waliuita Kiinyaa. Kutoka hapo ndipo wengi husema nchi yetu ilipata jina. Hizi ni habari njema, tena zimekwisha kuandikwa katika vitabu. Kilumi imeandikwa kidogo. Lindblom, Msweden aliyekaa Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, aliandika juu ya ngoma na roho, na mwaka 1977 Paul Kavyu alitoa kitabu cha muziki wa Kikamba. Lakini mapigo yenyewe yamo mikononi mwa wanawake ambao wengi wao ni wazee sana.

Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi huitaka kila kaunti iwe na daftari la mambo hayo. Daftari lisilo na jina la mpigaji, na la kijiji chake, na la yule aliyemfundisha, halitamfaa mtu. Yafaa wanawake hao waulizwe kwanza kama wanakubali kuandikwa na kunaswa sauti, na ni sehemu zipi wasizotaka zisikiwe na wageni. Tena walipwe. Mwenye kukodisha viti na mahema hulipwa siku ile ile. Mpiga ngoma hupewa soda na nauli.

Kuhusu siku yenyewe, twapendelea kilumi itengwe na mashindano, ipewe alasiri yake peke yake. Tarehe 10 Oktoba ingefaa sana. Kwa muda mfupi siku hiyo iliitwa Sikukuu ya Utamaduni, na mwaka 2024 jina lake likawa Siku ya Mazingira, ambapo watu hupanda miti. Wengine walilalamika. Lakini katika Ukambani mambo haya mawili hayako mbali, kwa maana palipokuwa na ithembo hapakukatwa mti, na mahali pengine mimea ya kale imesalia hapo tu, pande zote zikiwa mashamba. Kikundi kikipanda mumo asubuhi na kusikiliza kilumi jioni hakitakuwa kimefanya mambo mageni.

Mvua za vuli, ambazo ndizo mkulima wa Kitui na Makueni huzitegemea zaidi, huanza mwishoni mwa Oktoba. Basi anayetaka kuwauliza kina mama hao na aende Septemba, mashamba yakiwa bado makavu na watu wana nafasi ya kukaa na kuzungumza.