Shanga za Kuazima

Gauni lililonivuta katika kibanda cha fundi cherehani mmoja wa sokoni Malakisi lilikuwa la pamba ya kawaida, wala lisingenishughulisha lau si zile safu mbili za shanga zilizopishana kifuani kutoka bega hadi kiuno, pambo ambalo aliyelelewa pande hizi za Bungoma hulitambua mara moja kuwa ni la kijana wa Kibukusu anayekaribia kutahiriwa. Nami nikataka kujua limevukaje kifua cha mvulana likatua katika libasi ya bibi arusi.

Fundi, mtu wa maneno machache mpaka zitajwe shanga, alinieleza kwamba ilhamu yake haikutoka katika magazeti ya mitindo, bali katika Agosti ya mwaka wa shufwa aliotahiriwa yeye mwenyewe, alipozunguka kwa jamaa zake kuwaalika, akicheza na kugonga chinyimba, zile kengele za chuma, juu ya bangili za chuma alizovikwa mikononi, hata mlio ukatangulia kufika nyuani huku yeye angali njiani na vumbi lake. Shanga hazikuwa zake: nyekundu za dada, nyeupe za shangazi, na ushanga mmoja wa binti wa jirani ambaye hakumtaja, akacheka tu, na zote zilikuwa za kurudishwa, chembe kwa chembe. Alfajiri ya kisu, alipopakwa udongo mtoni, alikwisha kuvuliwa kila kitu, na anachokumbuka leo si maumivu, bali wepesi wa kifua kilichozoea kulemewa. Ndiyo maana kabla ya kushona hupima shanga kiganjani, kwani vazi lisilo na uzito, asema, halimkumbushi mvaaji kuwa wako watu waliomwazima.

Mji huu umepitiwa na pamba, kisha tumbaku, na tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi hapa wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde, iliyowaita watu warudie mila za wazee, wakafa watu 11. Hivyo suala la nani ana haki juu ya mambo ya wazee halijapata kuwa jepesi Malakisi.

Sasa mteja kutoka Nairobi ataka chinyimba ndogo zishonwe pindoni mwa gauni lake. Wazee wawili walioulizwa wametofautiana: wa kwanza amesema chuma ni chuma, na wa pili kwamba mlio usiofuatwa na kisu ni uwongo. Mimi naelemea kwa huyu wa pili, ingawa sikuulizwa. Fundi bado hajamjibu mteja, na kitambaa kimekwisha katwa.

Nikamuuliza: shanga za kuazima zikiuzwa pamoja na gauni, nani atazirudisha, na kwa nani? Akaitazama suti yangu, akaniuliza kama nakusudia kununua.