Namba ya tarakimu 21 na kufuli ya simu yako

Ukifungua benki yako kwa intaneti, unaweza kuona alama ya kufuli kidogo juu kwenye simu. Ile kufuli inafungwa na nini? Jibu moja liko katika kuzidisha, ile hesabu tulifundishwa ku primeri.

Tuanze polepole. Ukiwa na machungwa 12, unaweza kuyagawa mafungu 3 ya 4, sawasawa. Ukiwa na 13, apana: ni moja-moja, ao yote pamoja. Namba kama 13 inaitwa namba tasa.

Sasa andika 2 mara 67, uzizidishe zote, kisha utoe 1. Unapata 147 573 952 589 676 412 927. Mwaka 1644, mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliandika kama namba hiyo ni tasa. Mwaka 1876, Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akaonyesha kwamba si kweli: inagawanyika. Inagawanyika kwa ngapi? Njia yake haikusema. Ilisema tu kwamba mafungu yapo.

Tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahesabu huko New York, Mmarekani Frank Nelson Cole alileta jibu. Inasimuliwa kama alienda ubaoni bila kusema neno, akazidisha 193 707 721 kwa 761 838 257 287. Ikatoka ile ile namba, na watu wakapiga makofi. Eti kuitafuta kulimchukua siku zote za Jumapili kwa miaka 3.

Angalia vizuri hapo. Kutafuta kulichukua miaka, lakini kuhakikisha ni kazi ya chaki na uvumilivu kidogo. Ni kama unga wa muhogo na wa mahindi: kuchanganya ni rahisi, lakini nani atautenganisha?

Njo hapo kufuli ilitoka. Mwaka 1977, watafiti 3 huko Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walitengeneza njia inayoitwa RSA. Kompyuta inachagua namba tasa 2 kubwa sana na kuzizidisha. Jibu linaonyeshwa kwa kila mtu, na kwa jibu hilo yeyote anaweza kufunga ujumbe. Kuufungua, lazima ujue zile namba 2. Leo, jibu hilo mara nyingi liko na tarakimu 617. Mwaka 2020, watafiti waligawanya namba ya aina hiyo yenye tarakimu 250, na walihitaji kompyuta nyingi sana.

Lakini tuelewane: hesabu inalinda njia, hailindi mdomo. Mwizi hana haja ya kugawanya tarakimu 617 kama anaweza kukupigia simu, ajiite mfanyakazi wa benki, aombe kode yako. Ile ya tarakimu 4 unaijua wewe peke yako. Usimpe mtu.