Kulima kwenye baridi kali: Alaska inatufundisha nini sisi tuliosoma kilimo?



Mimi nilisoma agronomia, na kila nikikutana na wenzangu wa promosio swali moja linarudiaka: utafiti wetu unaendaka wapi? Mtu anapima mistari ya maharagi musimu muzima, anaandika, anatetea mbele ya juri, anapata alama nzuri, kisha kazi inalala ndani ya biblioteki. Mkulima aliyemwachia kipande cha shamba hajui hata kilichotoka.

Leo nataka tulijibu swali hilo kwa kwenda mbali sana, mpaka Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini kabisa. Najua mutasema: kule ni barafu tupu, sisi tuko karibu na ikweta, inatuhusu nini? Muvumilie kidogo. Kule watu wamekuwa wakijaribu kulima kwa msaada wa watafiti kwa zaidi ya miaka 120. Kuna mambo yaliyofaulu, kuna mengine yaliyoacha wakulima na madeni. Na tofauti kati ya yale mawili haikutokana na baridi.

Kwanza, tabu yenyewe ni gani?

Mji wa Fairbanks uko karibu na nyuzi 65 kaskazini. Wakati wa baridi joto linaweza kushuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri. Musimu usio na baridi ya kuua mimea ni mfupi: karibu miezi mitatu, pengine minne kufuatana na fasi. Mahindi yetu ya kawaida ya miezi minne yangekufa yakiwa bado mabichi.

Tabu ya pili ni udongo. Hata jua likiwaka, udongo unabaki baridi, na mizizi haifanyi kazi vizuri. Tena, fasi nyingi chini kuna udongo ulioganda miaka yote, haujawahi kuyeyuka. Karibu na Fairbanks watu walikata miti ili wapate mashamba. Miti ile na majani yake njo yalikuwa kama blanketi linalozuia joto lisishuke chini. Blanketi lilipotoka, barafu ya chini ikaanza kuyeyuka, ardhi ikadidimia, mashamba yakajaa mashimo na vilima. Mengine yaliachwa kabisa, sababu mashine hazikuweza tena kupita.

Tabu ya tatu ni mwanga, na hapa njo pana utamu kwa mtu wa sayansi. Sisi Bukavu ama Goma tuna karibu masaa 12 ya mwanga, Januari sawa na Juni. Fairbanks mwezi wa sita jua linakaa juu karibu masaa 22. Mimea inapimaka urefu wa usiku ili ijue saa ya kutoa maua. Spinachi ikiona mchana murefu vile, inakimbilia kutoa maua na mbegu kabla majani hayajakuwa makubwa. Aina nyingi za viazi za milima ya Andes, zilizozoea usiku murefu, zinachelewa kuweka viazi chini. Lakini kabichi, zile shu zetu, zinafurahi: zinakula mwanga karibu usiku na mchana. Mwaka wa 2012, kwenye maonyesho ya kilimo ya jimbo hilo mjini Palmer, kabichi moja ilipimwa ikatoa kilo 62 na zaidi. Karibu uzito wa mtu muzima! Na karoti za kule ni tamu, sababu ubaridi wa usiku unafanya mmea uchome sukari kidogo tu, nyingine inabaki ndani.

Kwa hiyo kitabu kilichoandikwa kwa wakulima wa kusini mwa Marekani hakikufaa kule. Ilibidi kuanza upya, mmea kwa mmea.

Mtu aliyeanza na barua

Marekani ilinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867, na wengi waliicheka kama friji kubwa isiyo na faida. Mwaka 1898 Wizara ya Kilimo ilimtuma Charles Georgeson, mzaliwa wa Denmark, ambaye alikuwa amefundisha kilimo Japani na katika jimbo la Kansas. Alianzia Sitka, kwenye pwani. Kisha vituo vingine vya utafiti vikafuata: Kenai, Kodiak, Rampart, Copper Center, Fairbanks mwaka 1906, na Matanuska mwaka 1917.

Ninachokipenda kwa Georgeson ni kwamba hakungojea majaribio ya kituo yaishe ndipo awaone wakulima. Alituma pakiti za mbegu kwa posta kwa wahamiaji waliotawanyika kote, akiwaomba wamwandikie: mulipanda lini, baridi ilipiga lini, mulivuna nini? Majibu yao aliyaweka ndani ya ripoti zake za kila mwaka. Mutafute dhahabu mwenye bustani nyuma ya nyumba ya magogo akawa mshiriki wa utafiti. Kwa nchi kubwa vile, yenye vituo vya kuhesabu kwa vidole, hiyo njo ilikuwa njia ya kupata habari za mabonde mengi kwa bei ya timbri.

Tena aliangalia kilichokuwa kinaota pale tangu zamani. Kwenye pwani ya Alaska kuna frezi za pori zinazovumilia baridi. Georgeson aliziunganisha na frezi za bustani, akapata aina mpya zenye matunda mazuri na nguvu ya kupita musimu wa baridi. Na tusisahau wenyeji: Watlingit na Wahaida walikuwa wanalima viazi miaka mingi kabla ya vituo hivyo kufunguliwa. Uchunguzi wa jeni uliofanywa karne hii umeonyesha kwamba viazi vyao viko karibu zaidi na vile vya Meksiko na Chile kuliko vya Ulaya. Maana yake vilifika kwa njia nyingine, na watu walivichagua wenyewe mpaka vikazoea. Kumbe mtafiti wa kwanza pale alikuwa mama mwenye shamba.

Lakini pesa za serikali zilikatwa mara kwa mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 vilikuwa vimebaki vituo viwili tu, Fairbanks na Matanuska, na vikaingizwa chini ya chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Alaska.

Ugani: barabara ya kwenda na kurudi

Ugani ndio kile sisi kwetu tunaitaka vulgarizasio. Marekani iliuweka ndani ya sheria mwaka 1914: kila jimbo lipate watu wa ugani walio chini ya chuo kikuu, wanaolipwa kwa pesa za serikali kuu na za jimbo pamoja. Alaska ilianza kazi hiyo mwaka 1930.

Tuangalie vizuri mpango huo. Mgani hayuko wizarani, yuko chuoni. Mkulima akimuuliza swali ambalo hana jibu, anapanda ngazi kwa mtafiti wa chuo hicho hicho. Mtafiti akipata jibu, mgani anarudi nalo. Njo maana shauri lao linafanana na fasi yenyewe: pandisha tuta juu ili udongo upate joto, funika udongo kwa plastiki kabla ya kupanda, anzisha miche ndani ya nyumba wiki nyingi mbele, chagua aina hii ya shayiri sababu inakomaa mapema. Na kazi haikuishia shambani: waligusa pia kuhifadhi samaki na mboga kwa musimu wa baridi, na vikundi vya vijana. Leo utafiti na ugani viko ndani ya taasisi moja ya chuo.

Mashamba matatu, matokeo matatu

Sasa tufike kwenye kiini. Nawapa mifano mitatu.

*Matanuska, 1935.* Wakati wa uchumi kuanguka, serikali ilihamisha familia 203 maskini kutoka Minnesota, Wisconsin na Michigan, ikawapa ardhi kwa kupiga kura, wengi hektari 16 hivi. Walifikia ndani ya hema. Maisha yalikuwa magumu, na wengi waliondoka ndani ya miaka michache. Lakini bonde halikufa. Kwanza, kituo cha utafiti kilikuwa pale miaka 18 kabla yao, kwa hiyo ilikuwa inajulikana nini kinaota. Pili, toka mwaka 1940 jeshi lilijenga kambi kubwa karibu na Anchorage, na askari wanakulaka viazi na kunywa maziwa kila siku. Soko likaja mpaka karibu na mlango.

*Delta Junction, 1978.* Jimbo lilikuwa na pesa nyingi za petroli. Serikali iligawa karibu hektari 24,000 kwa mashamba 22, kwa wastani zaidi ya hektari elfu moja kila moja, ili walime shayiri ya kuuza ngambo. Kwa upande wa sayansi hakuna aliyedanganya: shayiri inakomaa kule, watafiti walikuwa na aina zake. Wakulima wakachukua mikopo, wakasafisha msitu. Bei ikashuka. Mipango ya kufikisha nafaka bandarini haikukamilika. Pale Valdez silo kubwa za saruji zilijengwa, zikabaki bila nafaka. Baizoni, wale nyati wa Amerika walioletwa eneo hilo mwaka 1928, wakaingia kula mazao. Bei ya petroli ilipoanguka, msaada wa serikali nao ukaisha. Wakulima wengi walibaki na madeni, na ardhi nyingi ikaacha kulimwa. Wachache waliobaki walipunguza ndoto, wakalima kwa ajili ya mifugo ya jimbo lenyewe.

*Fairbanks, miaka ya 2000.* Kwenye bustani ya mimea ya chuo, inayobeba jina la Georgeson, profesa Pat Holloway na wenzake walianza kujaribu maua ya peoni, kwa Kifaransa pivoine. Ua hilo haliwezi kutoa maua vizuri bila kupita kipindi cha baridi. Fasi nyingine za kaskazini linachanua kati ya mwezi wa nne na wa sita. Chile na New Zealand linachanua mwishoni mwa mwaka. Alaska, kwa sababu ya kuchelewa kwake, linachanua mwezi wa saba na wa nane, wakati wenye harusi wanalitafuta na hakuna kwengine lilipo. Kuchelewa kulikokuwa laana kukawa bei! Watafiti hawakuishia kwenye kusema «linaota». Walitafuta likatwe likiwa limefunguka kiasi gani, likae kwenye ubaridi gani, lidumu siku ngapi ndani ya maji. Wakulima nao wakajiunga katika chama chao, na ugani ukawa katikati. Leo kuna mashamba makumi yanayouza maua hayo mbali, na mengi ni madogo.

Kwa hiyo?

Linganisheni Delta na peoni. Jimbo ni lile lile, baridi ile ile. Delta ilikuwa na pesa nyingi kuliko, na mmea uliojulikana zaidi. Ila swali lililojibiwa lilikuwa moja tu: je, itaota? Kwenye peoni walijibu mengine pia: nani atanunua, mwezi gani, itafikaje ikiwa bado nzuri, na mkulima mdogo ataweza kuanza na nini?

Ukisoma maneno hayo, fikiria magunia ya kabichi yanayooza kando ya barabara zetu wakati wa mvua. Hapana mtu anayekosa kujua kwamba kabichi inaota Masisi. Swali liko baada ya mavuno.

Kwa wewe unayeandika TFC ama memwari, mimi napendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji pesa za Marekani.

1. Kabla ya kuchagua mada, uliza wakulima kumi ni kitu gani kinawapotezea pesa. Usiwaulize tu wanalima nini.

2. Baada ya kutetea, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, ama Mashi, ama Kinande, urudi nao pale ulipofanya majaribio. Uwaombe wakujibu musimu unaofuata. Simu yako inafanya kazi ya posta ya Georgeson, na inaenda haraka zaidi.

3. Tafuta kile ambacho fasi yako inacho na wengine hawana. Milima yetu ina ubaridi bila baridi ya kuua, na mwanga ulio sawa mwaka muzima. Watu wa Alaska wangelipa sana kupata hivyo. Ni mazao gani, na mwezi gani, yanatufaa sisi peke yetu?

Hilo la tatu sina jibu lake la mwisho, na nafikiri haliwezi kutoka kwa mtu mmoja. Wenye data za Lubero, Kabare, Fizi ama Haut-Katanga, leteni hapa chini: zao gani, bei gani, mwezi gani. Tuanzie hapo.